Jengo Lililotoka Jasho Februari

Inspekta Mukan Aituarov alisimama uani mwa jengo namba kumi na saba, akainua kichwa na kuanza kuhesabu madirisha yaliyoachwa wazi. Alipofika ghorofa ya tatu akakata tamaa.

"Yako wazi yote," alisema.

"Si yote," Raushan akamjibu. "Lile la juu kabisa, kulia, limefungwa."

"Wenyewe wapo?"

"Wamesafiri."

Ilikuwa Februari, bwana. Ni kweli baridi kali ilikuwa imelegea siku chache zilizopita, theluji inayeyuka na maji yanachuruzika kutoka mapaani, lakini hapa Kokbastau mtu mwenye akili timamu hafungui dirisha mwezi huo akakaa kizingitini na fulana ya ndani, akijipepea kwa gazeti. Na hivyo ndivyo alivyokuwa amekaa mzee mmoja wa ghorofa ya kwanza. Juu yake mwanamke alikuwa ametoa kichwa nje, uso umemwiva, anavuta hewa kama aliyetoka hamamu.

"Wanapika nini humo ndani?" Mukan aliuliza.

"Wanapikwa wao," Raushan alisema.

Raushan Beisenova alikuwa injinia wa Wakala wa Jiji wa Matumizi Bora ya Nishati, ambao sisi watu wa Kokbastau, kwa ukosefu wetu wa adabu, tunauita Wazima Taa. Kiangazi kilichopita alilivisha jengo hili upya: kuta zimefunikwa magodoro ya sufi ya mawe yanayozuia joto lisitoke, madirisha yana vioo viwili viwili, na chini kwenye besimenti kuna mtambo mpya wa kugawa joto. Lilikuwa jengo la kwanza jijini, la mfano, na mengine yalikuwa yanasubiri zamu. Baridi yote lilikula joto nusu ya majirani zake. Kisha theluji ikaanza kuyeyuka, majirani wote wakapunguza, na jengo la mfano likaendelea kula kwa fujo kuliko jengo lolote la mtaa ule.

Mkurugenzi wa wakala, Kairbolat Jumadilov, alilitazama jambo hilo kwa muda wa kunywa chai moja, akatoa hukumu: kuna mwizi wa joto. Mwizi asipopatikana kabla ya mkutano wa wakazi, jioni hii hii, basi hakuna mwizi, ila kuna injinia aliyeboronga, na injinia huyo atafukuzwa kazi hapo hapo uani.

"Mbele ya wakazi?" Mukan aliuliza.

"Alisema hadharani, ili jiji lijifunze." Raushan alijifunga skafu yake upya kwa mara ya nne. "Kaka Mukan, sikufichi, ninaogopa. Nina watoto wawili na mama yangu, wote wananitegemea mimi. Na kazi hii naipenda, unajua? Naipenda kweli."

"Hofu yako niwekee hadi jioni. Sasa hivi nahitaji akili yako. Nani alikuwa wa kwanza kusema ni wizi?"

"Mkurugenzi. Anasema joto linaingia na halionekani linakokwenda."

Mukan akayatazama tena madirisha. "Mimi naliona linakokwenda," alisema.

Inspekta huyu, kabla ya kustaafu, alikuwa polisi wa wizi wa mifugo. Aliwafukuza wezi wa farasi nyikani mpaka magoti yakamwisha, ndipo wakala ukamchukua kuchunguza waya na mabomba yaliyounganishwa kwa njia za panya. Alizoea kusema kazi ni ile ile, ila umeme haupigi teke.

"Nikuambie kitu," alimwambia Raushan. "Aliyeibiwa farasi huamka akakuta farasi wamepungua. Sijapata kuona mwizi anayekuibia usiku, ukaamka zizi limejaa mpaka unaomba waondolewe."

"Kwa hiyo si wizi?"

"Sijasema. Bosi anataka mwizi, tutamtafuta mwizi. Mwenyekiti wa jengo ni nani?"

Mwenyekiti wa jengo alikuwa anakuja mwenyewe. Gennadi Pak, Mkorea wa hapa hapa kwetu, mstaafu wa reli, alitoka mlangoni na kaptula, makubadhi na furushi la funguo lililomvuta kiuno upande mmoja.

"Mshukiwa ninaye," alisema kabla hajaulizwa. "Nimemweka tayari toka juzi."

"Umemfungia?"

"Nimemnunia."

"Ni nani?"

"Orynbek, fundi saa. Ana stoo kule besimenti na haruhusu mtu kuingia. Mvuke unatoka chini ya mlango. Juzi nimegonga, akaniambia nisipige kelele, nitawashtua."

"Utawashtua kina nani?"

"Hapo ndipo nilipoacha kuuliza," Pak alisema.

Walishuka besimenti. Mvuke kweli ulikuwepo, na harufu ya majani yaliyolowa. Mukan aligonga kipolisi, kwa kiganja. Mlango ukafunguka kidogo, wakaona jicho moja na kopo la kunyunyizia maji.

"Taratibu!" mtu alinong'ona. "Wanashtuka!"

"Polisi mstaafu," Mukan alisema. "Fungua."

Ndani kulikuwa na mifuko ya plastiki iliyoning'inizwa kutoka darini, imejaa majani makavu, na katika kila mfuko uyoga umechungulia nje. Ulioko chini ulikuwa mweupe, wa kupendeza. Ulioko juu ulikuwa umenyauka na kuwa mweusi.

"Uyoga," Mukan alisema.

"Ulikuwa uyoga," Orynbek alisema kwa uchungu. "Uyoga huu unataka ubaridi wa pishi. Tangu theluji ianze kuyeyuka humu ndani ni tanuri. Nusu ya shamba imeoza! Nimeununulia feni. Nimeuimbia."

"Umeuimbia?"

"Mtu akikata tamaa anafanya mengi."

"Na bomba je? Hukuunganisha bomba lolote?"

"Niunganishe joto wakati ndilo linaniua? Ebo! Mimi ndiye mlalamikaji, bwana! Nimempigia simu mkurugenzi wenu, akaniambia nitaje jina la mwizi au nikate simu. Nikakata."

Pak alikohoa, akatazama makubadhi yake. "Basi nisamehe," alimwambia Orynbek. "Nilikununia bure."

"Ulininunia? Lini?"

Mukan aliwaacha na mambo yao. Darini lilipita bomba nene linaloelekea juu kwenye nyumba. Aliweka kiganja juu yake, akakiondoa haraka na kukipuliza. Kisha akavaa miwani, akalifuata bomba kwa macho mwanzo hadi mwisho. Rangi ya kiwandani haijakwaruzwa. Kwenye maungio vumbi limelala bila kuguswa.

"Hakuna aliyelichokonoa," alisema. "Na bomba linaloibiwa hupoa. Hili linachemka. Injinia, nisikilize uniambie kama nakosea. Hakuna mtu anayelitoa joto jengoni. Kuna mtu analiagiza."

"Hakuna mtu anayeagiza, kaka. Mtambo unaagiza wenyewe. Nje kukiwa baridi unaongeza, kukipata joto unapunguza. Ndiyo maana yake yote."

"Unajuaje nje kukoje? Una macho?"

"Una kihisio. Kidude kimefungwa ukutani nje, kinapima baridi na kuuambia."

"Na mtambo wenyewe umeutazama tangu balaa hili lianze?"

Raushan alipandwa na hasira, na ilimpendeza kuliko hofu. "Nimekatazwa! Mkurugenzi ameupiga lakiri. Anasema ni ushahidi, usiguswe mpaka mpelelezi afike."

"Mpelelezi amefika," Mukan alisema.

Alikwenda moja kwa moja hadi chumba cha mitambo, akakata lakiri kwa ukucha wa kidole gumba, akainua mguu kuingia.

"Viatu!" Pak alipiga kelele.

Chumba kile Pak alikuwa amekitandikia zulia. Ukutani alitundika kalenda yenye picha ya milima, na mlangoni alipanga ndara za wageni. Mukan alivua buti zake, soksi moja ikaonyesha kidole, naye akapewa ndara zilizobaki, za kike, zenye maua. Akaingia nazo kwa heshima zote.

Raushan alibonyeza vitufe vya mtambo. Maandishi ya kijani yakatokea, akayasoma, akayasoma tena.

"Unasema nje ni nyuzi tisa chini ya sifuri."

"Na ukweli?"

"Sita juu ya sifuri. Kuna watoto uani wanachezea madimbwi!"

"Mtambo unadhani tumehamia Siberia," Pak alisema.

Raushan alikaa kwenye kigoda cha Pak, mikono mapajani. "Basi kihisio kimeharibika. Kaka Mukan, kile kihisio nilikichagua mimi. Wenzangu walitaka kingine, nikawabishia mpaka wakachoka. Kosa ni langu. Mkurugenzi yuko sahihi, na nitamwambia mwenyewe kabla hajanitangaza."

"Polisi hatukamati mtu kwa sababu amejitolea," Mukan alisema. "Tungekuwa tunafanya hivyo tungemaliza kazi mapema. Kihisio ni shahidi, na shahidi hahukumiwi kabla ya kuhojiwa. Kiko wapi?"

"Ukuta wa kaskazini. Ghorofa ya tatu, kando ya dirisha la jiko."

Walizunguka jengo. Sasa, ukuta wa kaskazini wa jengo lolote la Kokbastau, mwezi wa Februari, ni bucha. Sisi huchinja farasi baridi inapoanza, nyama hiyo tunaiita sogym, na familia huila mpaka majira yabadilike. Jokofu gani litabeba nusu farasi? Basi kila mwenye dirisha upande usiopata jua huning'iniza gunia lake nje, Mungu anamgandishia bure. Jengo lilikuwa limevishwa kisasa, lakini upande huo magunia yalining'inia kama miaka yote, na kwa kuwa theluji inayeyuka mengi yalikuwa yanadondosha matone mekundu. Paka watatu walikuwa wamekaa chini, wamepanga foleni bila kusukumana.

"Nilikifunga pale," Raushan alinyoosha kidole. "Kishikio cha chuma, na kijisanduku cheupe juu yake."

Pale palining'inia mzigo mkubwa kuliko yote, mnene, wa rangi ya njano iliyofifia, umefungwa kwa kamba kwa ustadi. Haukudondosha hata tone.

"Nani ameanika godoro?" Pak alisema. "Nimekataza kuanika magodoro!"

Raushan alikuwa ameshika mdomo. "Si godoro la kulalia. Ile ni sufi ya mawe. Ni yetu. Mabaki ya ukuta."

"Na dirisha ni la nani?"

"Bi Ultugan," Pak alisema. "Hamwogopi mtu. Mniache mimi nyuma."

Bi Ultugan aliwafungulia akiwa na kitambaa cheupe kichwani, gauni jepesi la maua, na upepeo mkononi. Joto lililotoka mlangoni lilimfanya Mukan arudi hatua.

"Karibuni, wanangu, karibuni. Vueni makoti. Vueni na masweta, msione haya, jengo hili siku hizi hatufichani kitu."

Huwezi kumhoji mama wa Kikazaki kabla hujanywa chai yake, na Mukan hakujaribu. Alikunywa bakuli la kwanza la chai ya maziwa, akala maandazi mawili, akasifu, akajibu maswali kuhusu magoti yake na ukoo wake. Kwenye bakuli la pili, jasho likimtiririka puani, alianza.

"Mama, ule mzigo wa dirishani ni wako?"

"Ni sogym."

"Umeifunga na nini?"

"Na vazi lenu." Bi Ultugan alimgeukia Raushan kwa furaha. "Si wewe uliyekuja kiangazi kutusomesha pale uani? Wenzangu walisinzia, mimi nilikuwa macho. Ulisema vazi hili halina ubaguzi, linashika utakacholipatia. Ukilipatia joto linashika joto. Nikanyoosha mkono, nikauliza, na ukilipatia baridi? Ukasemaje?"

"Litashika baridi," Raushan alisema kwa sauti ndogo.

"Haya! Theluji ilipoanza kuyeyuka nikasema, farasi mzima huyu aoze nami nina masikio? Nikachukua yale mabaki mliyoacha ngazini, nikamvisha tabaka tatu. Nenda kamguse. Wenzangu zao zinalia, yangu ni jiwe."

Mukan alifungua dirisha la jiko, akalegeza kamba, akapenyeza mkono ndani ya sufi mpaka kwenye kiwiko. Uso wake ulibadilika kama wa mtu anayetafuta funguo mfukoni akakuta chura.

"Paja," alisema. "Nyonga. Kidari. Baridi kama kaburi." Akapapasa. "Na hapa kati ya paja na kidari kuna chuma. Na juu ya chuma kuna kisanduku."

Raushan alisimama.

"Hakijaharibika, injinia. Shahidi wako ni mkweli kupita kiasi. Amebanwa kifuani mwa farasi aliyeganda, amefunikwa blanketi tabaka tatu, na kila dakika anauambia mtambo: huku ni baridi, ongezeni moto. Hata mimi ningesema hivyo hivyo."

Raushan alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, kisha bila kupumzika akalia, akajifuta kwa skafu na kucheka tena. "Sikukosea," alisema. "Mama, sikukosea! Kihisio ni kizima!"

"Sijui kihisio ndiyo nini, lakini mashallah," Bi Ultugan alisema, akamjazia chai.

"Swali moja tu, mama," Mukan alisema. "Mzigo ule ni mzito. Hukuupandisha wewe."

"Mimi na mgongo huu? Ni mkwe wangu. Nyumba yake mpya ina baraza la vioo, joto tupu, hana pa kutundika. Akaniletea siku ile ya baridi kali. Akafungua dirisha, akaona kile chuma, akaniambia, 'Tazama, mama, jiji limekuwekea ndoano nzuri.' Akatundika mwenyewe. Mimi nikaja kuvisha tu."

"Mkwe wako anafanya kazi gani?"

Bi Ultugan alielekeza upepeo wake ukutani. Kulikuwa na picha kubwa yenye fremu ya dhahabu: mlango wa jengo hili hili, utepe mwekundu, na mwanamume mwenye mkasi anayetabasamu kwa meno yote. Alikuwa Kairbolat Jumadilov.

Pak aliweka bakuli lake chini taratibu. "Mimi sikuwepo hapa," alisema, akaanza kutafuta makubadhi yake.

"Ulikuwepo," Mukan alimwambia. "Na utanisaidia kumwingiza farasi ndani. Mama, tukimvua atakuwaje?"

"Akishavuliwa hana siku mbili. Apikwe leo leo, kabla hajaharibika." Bi Ultugan alishaanza kukunja mikono ya gauni. "Pak! Leta ile sufuria yako kubwa ya uani. Na kuni."

"Ile ni ya harusi tu, mama."

"Leta."

Mkurugenzi Kairbolat aliwasili jioni, na koti la manyoya lisilofungwa vifungo ili tai ionekane. Wakazi walikuwa wamejaa uani, wengine wamekaa kwenye mabenchi, wengine wamechungulia juu. Kando ya ukuta sufuria kubwa ilikuwa inatokota tangu mchana, na harufu yake ilikuwa imewakusanya watu kuliko tangazo lolote. Kairbolat aliinusa, akaridhika. Alidhani ni kwa heshima yake.

"Ndugu wakazi!" alianza. "Jiji limewavisha, nanyi mnalivua. Yuko mtu kati yenu analichezea joto la umma!"

Nyuma yake, ghorofa ya pili, dirisha likafungwa.

"Hatumwogopi! Awe mkubwa, awe mdogo, leo atatajwa!"

Dirisha jingine likafungwa, kisha mawili kwa pamoja. Yule mzee wa fulana aliingiza miguu ndani, akajipapasa mabega, akafunga lake. Wakazi walikuwa wanatazama juu na kugongana viwiko. Kairbolat aliona wanainua nyuso, akazidisha sauti.

"Na asipotajwa, basi aliyeharibu ni huyu hapa!" Alimnyooshea Raushan kidole. Raushan alisimama wima, mikono mifukoni. Kujua ukweli ni jambo moja, lakini mbele yake alisimama mtu mwenye uwezo wa kumfukuza, naye ndiye yule yule aliyemtundika farasi.

"Samahani, bosi," Mukan alisema kwa upole. "Atajwe hata akiwa mtu wa serikali?"

"Huyo hasa!"

"Na kama kuna aliyesingiziwa?"

"Aombwe radhi hapa hapa, mbele ya umma. Mimi si mtu wa kuonea watu."

Watu wakapiga makofi. Kairbolat akainama kidogo.

Mfuniko wa sufuria ukalia. Bi Ultugan, mwiko mkononi, aliita kutoka kule kwenye moshi: "Mkwe! Farasi wako anaiva. Nimpunguzie chumvi, au presha yako imeshuka?"

"Farasi gani, mama?"

"Yule uliyemtundika kwenye kipimajoto cha jengo."

Kisha juu, ghorofa ya tatu, mtu mmoja akapasuka kicheko, na ua mzima ukafuata. Sauti ya Orynbek ilisikika ikilia: "Uyoga wangu! Uyoga wangu umeuawa na mkurugenzi!"

Mukan alieleza kwa maneno machache. Kishikio, kisanduku, paja, tabaka tatu za sufi. Farasi ameondolewa mchana, mtambo umeona hali halisi ya nje, umepunguza moto. Madirisha mnayaona wenyewe.

"Niliona ndoano," Kairbolat alisema, masikio yamemwiva. "Mtu yeyote angeona ndoano. Wangeweka alama!"

"Alama ipo," Raushan alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupaza sauti mbele ya wakazi, na wote wakamgeukia. "Imeandikwa usitundike kitu. Kwa lugha mbili. Umeifunika na paja."

Kairbolat alirekebisha tai. Kisha akasema yale ambayo wakubwa husema: kwamba kasoro zilijitokeza, kwamba jambo litatazamwa kwa upana wake, kwamba kamati itaundwa. Kuhusu kuomba radhi hakusema kitu. Kuhusu Raushan alisema suala la watumishi litaamuliwa ofisini. Raushan alisikia neno hilo, ofisini, akaelewa maana yake: ofisini hakungekuwa na ua wala wakazi.

"Nyama imeiva," Bi Ultugan alisema.

Walipanga mbao juu ya mapipa, wakaketi na makoti yao. Hapa kwetu nyama haigawiwi ovyo ovyo. Kila mfupa una mtu wake, na mezani mtu hujua amesimama wapi duniani. Mfupa wa nyonga, ulionona kuliko yote, hupewa mkubwa wa wote waliopo. Kairbolat aliketi kichwani mwa meza bila kuelekezwa, akavua glavu, akatoa kisu chake kidogo cha mfukoni, akakifuta. Hakuna aliyeshangaa. Ndiye aliyekuwa mkubwa.

Bi Ultugan alitoka kwenye sufuria na sahani ya mfupa wa nyonga, mvuke unafuka. Alimkaribia mkwe wake. Kairbolat alisogeza mikate kupisha nafasi. Mama akampita, akatembea hadi mwisho wa mbao alikokaa Raushan karibu na Pak, akamwekea sahani mbele.

Meza nzima iliacha kutafuna.

"Mama, huu si wangu," Raushan alinong'ona. "Huu ni wa mkubwa."

"Mkubwa ni aliyenifundisha kitu nikashika," Bi Ultugan alisema kwa sauti ya kufika barabarani. "Yule kule mimi nilimwozesha binti tu."

Kisha akarudi na sahani nyingine, akamwekea Kairbolat kidari. Kidari ni nyama tamu, hakuna anayebisha. Lakini ni fungu la wakwe, hata mkwe awe waziri.

Kairbolat alikitazama.

"Jumatatu huyu binti anakuja kazini?" mama mkwe alimuuliza, amesimama juu yake na mwiko.

"Mama, kuna taratibu..."

"Sijauliza taratibu. Nimekuuliza Jumatatu."

"Anakuja, mama."

"Sema kwa nguvu. Pak ni kiziwi."

"Mimi si kiziwi," Pak alisema.

"Leo ni kiziwi."

Kairbolat alisimama na kisu chake mkononi. "Injinia Raushan Beisenova anakuja kazini Jumatatu," alisema. "Hakukosea yeye. Nilikosea mimi. Namwomba radhi."

"Kaa ule, inapoa," Bi Ultugan alimwambia, akaenda kumpelekea Orynbek supu.

Mukan alimsogezea Raushan chumvi, akamsogezea na kitunguu. Injinia alifuta macho kwa mgongo wa mkono, akaushika mfupa wa nyonga kwa mikono yote miwili, mbele ya mkurugenzi wake na ghorofa zote tano, akauma.